Fundi simu wa Mlandege: kioo safi, na bosi anaejua kusimama na fundi wake

Jamani, wengi mmeniuliza simu yangu nimetengeneza wapi mpaka imekuwa kama mpya, na nlikuahidini ntaandika, basi leo nimekaa naandika, na naomba msome mpaka mwisho kwa sababu habari ya kioo ni nusu tu ya maneno nliyonayo.

Duka liko hapa mjini Unguja upande wa Mlandege, ukitokea Darajani kwa miguu si mbali, katikati ya yale maduka ya vitambaa na chaja na makava ya simu. Ni chumba kimoja, mbele kaunta ya kioo, nyuma yake meza ya fundi yenye taa kali na lenzi, nje benchi la kungojea. Jina la duka siliandiki hapa, fundi mwenyewe ndie alieniomba nisiliandike na sababu yake ntaieleza huko chini. Anaetaka kwenda kweli aje inboksi ntamwelekeza.

Fundi ni mwanamke. Msichana wa Kipemba, kasoma umeme kwenye kituo cha mafunzo ya amali Vitongoji, kisha kaja Unguja kafundishwa simu na huyu bwana mwenye duka, na sasa yeye ndie fundi mkuu, wako vijana wawili wa kiume wanajifunza kwake. Mwenye duka ni mtu mzima, wateja karibu wote wanamwita ami, yeye anauza chaja na betri na vioo na ndie anaeshika daftari la hesabu.

Nianze na kazi. Simu yangu Samsung A54, ilianguka ngazini ikapasuka kioo, upande wa kulia ukawa mweusi na tachi ikawa inaitika inapotaka yenyewe. Mie nauza mabuibui kwa WhatsApp, simu ikizima ndio biashara imefungwa, kwa hiyo nlikuwa na haraka. Nlianza kwa fundi mwengine, mtaa mwengine kabisa, akanambia laki na ishirini, kioo orijino hicho dada, niache simu na paswedi nirudi kesho. Nikamuuliza paswedi ya nini na wewe unabadilisha kioo tu, akacheka na wenzake, "nyie wanawake mna siri gani kwenye simu," nikachukua simu yangu nikaondoka.

Kwa huyu dada ilikuwa tafauti toka mwanzo. Kaiwasha simu, kaitizama chini ya lenzi, kisha kaniwekea vioo viwili mezani, kimoja kopi kwa laki na ishirini, chengine orijino kwa laki mbili na nusu. Akanieleza kwamba A54 kioo chake ni amoledi, yaani kila nukta inawaka yenyewe, alama ya kidole inasomwa chini ya kioo chenyewe, na kopi nyingi za bei rahisi ni elsidii za kawaida, zile zenye taa nyuma ya kioo, picha utaiona lakini kidole hakisomi tena, rangi zinapauka na chaji inaliwa zaidi. "Ukitaka kopi ntakuwekea, haina neno, lakini ujue mapema." Yaani kile kile nlichoambiwa orijino kule kwa laki na ishirini ndio hii kopi, na hakuna alienieleza. Nikachukua orijino.

Kitu chengine nilichokipenda, kabla ya kukigundisha kioo kakiunganisha kikiwa kinaning'inia tu, kanipa simu mkononi nijaribu mwenyewe, nipitishe kidole pembe zote, niandike, nifungue kamera, nipige simu. Niliporidhika ndio akaweka gundi akaibana. Kioo changu kibovu kanirudishia, risiti kaandika na namba ya IMEI, ile namba ya utambulisho ya simu yenyewe, warantii mwezi mmoja kwa kioo kama hakijavunjika. Nimetoka na simu siku ile ile na mpaka leo sina la kulalamika, kidole kinasoma, hakuna mstari, hakuna mwanga unaovuja pembeni.

Baadae nikampelekea na simu ya mama. Mama yangu analima mwani Jambiani, simu anaitia kwenye mfuko wa plastiki akienda pwani lakini maji ya bahari yana njia zake, sehemu ya kuchajia ilikuwa imeota kutu ya kijani. Hapa dada kanipa somo ambalo kila mtu wa pwani inafaa alijue: simu ikiingia maji ya bahari zima hapo hapo, usiijaribu kuichaji ati uone kama inafanya kazi, na usiifukie kwenye mchele ukadhani imepona, mchele hautoi chumvi. Maji yakikauka chumvi inabaki ndani inaendelea kula madini ya bodi, ile sahani ya ndani yenye saketi za simu, kidogo kidogo, ndio maana simu inafanya kazi wiki mbili kisha inakufa ghafla. Lazima ifunguliwe isafishwe kwa spiriti. Elfu kumi na tano kasafisha na kabadilisha sehemu ya kuchajia, mama anaongea na wajukuu mpaka anachoka.

Sasa habari ya picha, na hapa nawaambia hasa wanawake wenzangu. Sote tunajua simu zetu zina nini ndani. Picha tuko nyumbani bila mtandio, picha za harusini, za wadogo zetu, za mama zetu. Hapa kwetu kuna harusi za wanawake simu zinazuiwa mlangoni kwa sababu hiyo hiyo ya kuogopa picha kutoka. Kisha simu hiyo hiyo ikiharibika unaambiwa uiache na paswedi kwa mtu usiemjua mpaka kesho! Nawajua watu wamekaa na simu iliyopasuka miezi kwa kuogopa tu, na nawajua wengine walioitupa wakanunua mpya kwa pesa ya mkopo. Hofu si ya bure, yako mambo yametokea ya mtu kutishwa kwa picha zake mwenyewe, na anaetishwa ndie anaeona haya kwenda kushtaki.

Hili duka lina utaratibu na umebandikwa ukutani kwa maandishi makubwa. Simu inafunguliwa mbele ya mwenyewe kama anataka, kuna kiti ndani kwa ajili hiyo. Kama simu inaitika anakwambia kwanza uweke modi ya matengenezo, Samsung nyingi zinayo toka 2022 na kuendelea, unaingia kwenye setingi sehemu ya utunzaji wa betri na kifaa, unaiwasha, simu inajizima na kuwaka upya ikiwa haina picha wala meseji wala majina, fundi anaweza kujaribu kila kitu lakini vitu vyako hawezi kuviona, na kuitoa inataka namba yako ya siri. Kama haina modi hiyo basi paswedi unaweka wewe kwa mkono wako pale inapohitajika. Kamera ikijaribiwa inapigwa picha ya ukuta na inafutwa mbele yako. Na chini kabisa wameandika kwamba kuingia kwenye taarifa za mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, yaani wamejifunga wenyewe mbele ya wateja wao. Utaratibu huu kauleta fundi, mwenye duka kaukubali na akauweka kwa wote, vijana wa kiume nao wanaufata na wateja wa kiume nao wanafanyiwa hivyo hivyo.

Hapo ndipo nilipoanza kumtizama huyu ami vizuri, kwa sababu nimekaa pale kwenye benchi nikingoja na nimeona mambo.

Wateja wanaoingia, hasa wanaume watu wazima, wanampita yule dada kama hayupo. Yuko nyuma ya meza kashika koleo na simu iko wazi mbele yake, mtu anaingia anamuuliza ami, "fundi yuko wapi?" Ami anasema, "Huyo mbele yako," kisha anaendelea kupanga chaja zake. Hakuna hotuba wala kumsifia. Haanzi kueleza kwamba ati ni mwanamke lakini anajua kazi. Mtu analazimika kugeuka na kusema na fundi. Wengine wanageuka na yanaisha. Wengine wanarudi kwa ami, "mie nataka unitizamie wewe," na ami anajibu, "Mie nauza chaja, bodi siiwezi kama yeye." Na ni kweli, macho yake hayako vizuri tena kwa kazi ndogo ndogo, kanambia mwenyewe.

Nlimuuliza dada kama hilo linatosha, akanambia hilo ndio dogo. Kubwa liko kwenye daftari. Pale fundi analipwa kwa kazi, kila simu ina fungu lake. Kwa hiyo mteja akisema simtaki huyu mtoto wa kike, nipe yule kijana, na mwenye duka akakubali kumpoza mteja, kijana kapata pesa na dada kakosa. Mara moja si kitu, lakini hesabu ya mwezi mzima ni chakula na nauli. Kule alikokuwa kabla ndivyo ilivyokuwa, hakuna aliemtukana, hakuna aliemfukuza, ila simu za bodi zote zilikwenda kwa wanaume na yeye akabakishiwa kubandika protekta, mwisho wa mwezi anaambiwa mbona wewe huingizi. Ami alipomchukua wakakubaliana simu zinagawiwa kwa aina ya kazi na zamu, mteja hachagui mkono wa mtu. Kazi za bodi ni zake kwa sababu yeye ndie anaeziweza. Mteja asiyetaka ana uhuru wa kwenda duka jengine. Na fungu la dada na la vijana kwa kazi ya aina moja ni sawa sawa, limeandikwa, kila mmoja analiona.

Hili jambo limenikaa kichwani kwa sababu tunapenda sana kusema sheria zipo. Zipo kweli. Katiba ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 12 kinakataza ubaguzi, Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005 inakataza ubaguzi kazini, mkataba wa kimataifa wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake nchi yetu imeuridhia toka 1985. Lakini sheria ya ajira inamfunga mwajiri, mteja anaepita mlangoni haimfungi. Mteja anaweza kumdharau fundi mpaka akachoka na hakuna kesi hapo. Dharau yake inakuwa ubaguzi wa kazini pale tu mwenye duka anapoibeba akaiingiza kwenye daftari. Kwa hiyo mtu aliesimama pale katikati, baina ya mteja na fundi, ndie anaeamua, na kila siku anaamua upya na inamgharimu. Ami kapoteza wateja, wapo waliokusanya simu zao wakaondoka, na yupo jirani anaemwambia waziwazi kwamba katawaliwa na mtoto wa kike dukani kwake. Anajibu, "Sawa, nimetawaliwa," anaendelea na kazi.

Na nsiambiwe habari ya tuna rais mwanamke ubaguzi gani tena. Nampa heshima zake Mama Samia, mtoto wa Makunduchi kafika pale, nami nlifurahi siku ile ya Machi 2021 kama mlivyofurahi nyinyi. Bibi yangu alikuwa msichana kwenye uchaguzi wa 1957 ambao wanawake wa Visiwani hawakuruhusiwa kabisa kupiga kura, walipiga mara ya kwanza Januari 1961, kwa hiyo safari ni ndefu na mie siidharau. Lakini Ikulu ni Ikulu na Mlandege ni Mlandege. Mtu yule yule anaeitikia kwa heshima mwanamke anaehutubia kwenye televisheni anaingia dukani anamuuliza mwanamke alieshika koleo, fundi yuko wapi.

Siku moja kaingia bwana mmoja, simu haichaji. Dada kaipokea, kaipima, kamwambia tatizo. Bwana akaanza: umeolewa wewe? Mume atakuacha ukae hapa na wanaume? Dada kamjibu vizuri tu, "Tuzungumze simu, mzee wangu." Akaendelea, sasa anachekesha watu wa benchini, anasema mambo ya mikono ya mwanamke yalivyo laini na chuma cha moto. Nikawa namtizama ami, nashangaa mbona kanyamaza, nikaanza kumtilia mashaka. Mara dada kaiweka bisibisi yake juu ya kaunta, taratibu. Ami hapo hapo akasema, "Bwana, hapa tunatengeneza simu. Kama unataka itengenezwe kaa ungoje, kama unataka mazungumzo mengine simu yako hii hapa." Yule bwana akasema anatania tu. Ami akasema, "Yeye hakucheka." Basi. Jamaa kakaa kimya, simu ikatengenezwa, kalipa bei iliyoandikwa ukutani, kaondoka.

Baadae ndio nikaelezwa habari ya bisibisi. Wamekubaliana. Mwanzo ami alikuwa anaingilia kila neno, mtu akisema tu "mwanangu" yeye kashakuja juu, na dada ikawa anaonekana kama mtoto aliekuja na baba yake kazini, wateja wakawa wanasema na ami moja kwa moja kwa sababu ndie anaejibu. Dada akamwambia, ami mie mengine nayaweza mwenyewe na nataka kuyajibu mwenyewe, ntakwambia lini nakuhitaji. Ndio ikawa hivyo, bisibisi ikikaa juu ya kaunta kwa mtindo ule, ami anaingia. Isipokaa, hata kama yeye moyoni anachemka, anapanga chaja. Mie nimeona watu wengi wenye nia nzuri, wanaume na wanawake, wanamsemea mtu mpaka mwenyewe anakosa pa kusimama. Huyu mzee kakubali kufundishwa na mtu aliemwajiri namna ya kumsaidia, na kwetu sisi, kwa umri wake na heshima yake mtaani, si jambo jepesi.

Na wale vijana wawili wanaojifunza nao wamelichukua hilo. Mmoja nilimsikia mteja akimpa simu yeye huku dada yuko pale, kijana akasema, "Mpe fundi, mie nafundishwa." Kwa sauti ya kawaida kabisa. Hivyo ndivyo wanaume wanavyofundishana, kijana anaona mkubwa wake anafanya nini na anafanya.

Sisi wa benchini je? Hapa nataka kusema kidogo. Tunalo hili jambo la muhali, mtu anasema neno baya mbele ya watu kumi na watu kumi wanatizama chini, kwa sababu ni mtu mzima, kwa sababu ni jirani, kwa sababu kesho tutaonana msikitini au sokoni. Muhali unatuharibia mambo makubwa kuliko haya, kesi za udhalilishaji ngapi zinakufa hapa Visiwani kwa sababu ya muhali, shahidi yupo na hafiki mahakamani. Hatuanzi kuushinda kwenye kesi kubwa. Tunaanza kwenye benchi, kwa kutocheka. Siku ile watu wawili walicheka na wengine hawakucheka, na mie nikasema, "Babu, mwache dada afanye kazi, sote tunamngoja yeye," na mama mmoja pembeni akaitikia, "Kweli." Haikuhitaji ugomvi.

Jambo jengine ambalo dada kanambia na naliandika kwa ruhusa yake. Anachoka pia na kusifiwa kupita kiasi. Mtu anapewa simu yake imepona anasema mashaallah, mwanamke na unaweza hivi! Anajua nia ni njema, lakini mwenzake wa kiume akitengeneza kioo anaambiwa ahsante, yeye anashangaliwa, maana yake bado mtu hakutegemea aweze. Anachotaka ni kitu rahisi, msifie kwa kazi, useme kioo hiki kimekaa vizuri, rudi tena, mlete na mwenzako. Na lipa bei ile ile. Hili la bei linaudhi, kuna watu wanaomba punguzo kwa hoja ya kwamba kazi kafanya mtoto wa kike! Bei zimeandikwa ukutani kwa hiyo ami anaonesha ukuta tu.

Sasa mapungufu, maana siandiki tangazo.

La kwanza ndilo linalohusu jina. Duka lilipoanza kupata wateja wengi wanawake, ami alimpiga picha dada akiwa kazini akaiweka stetasi na kwenye makundi ya WhatsApp, "fundi wa kike, njooni kina mama." Hakumuuliza. Picha ikasambaa, ikafika mpaka Pemba kwa jamaa zake, watu wasiomjua wakaanza kumpigia usiku. Dada alichukia na alimwambia, na ami kaifuta na kamwomba radhi mbele ya vijana. Lakini picha ikishatoka imetoka. Nimelizungumza na ami mwenyewe na nimemwambia, uso wa mtu si bango lako, na kama unamtetea kwa wateja halafu unamuuza kwa wateja hao hao umemrudisha nyuma. Alikubali. Ndio maana mie hapa sitaji jina wala duka, na naomba mkienda msimpige picha hata kama umefurahi vipi.

La pili, bango la nje lina jina la ami tu na chini yake "mauzo ya chaja na vifaa". Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kuna fundi mkuu wala nani. Kama kweli yeye ndie anaeleta kazi, na daftari linaonesha ndie, basi ingekuwa vizuri wazungumze habari ya hisa au angalau mkataba wa maandishi, kwa sababu makubaliano yote haya mazuri nliyoyaeleza yamesimama juu ya uzima wa ami. Mzee akiumwa, akija mtoto wake kukaa dukani na tabia nyengine, dada ana nini mkononi? Nimeuliza hilo, jibu lilikuwa "tutalizungumza inshaallah". Mie hapo napunguza nyota moja na siirudishi mpaka nisikie mkataba umeandikwa.

La tatu dogo, choo. Choo kiko nyuma cha kushirikiana na maduka mengine, hakina komeo. Wanaume hawalioni tatizo, mwanamke anaefanya kazi siku nzima analiona. Komeo ni bei ya soda kadhaa, liwekwe. Na joto, feni ni moja na inamwelekea ami, nami nikimaliza kuandika hapa namtumia yeye mwenyewe asome.

Foleni pia ni kubwa, hasa mwisho wa mwezi na karibu na sikukuu, na dada hakimbizi kazi, akisema kazi itachukua saa mbili basi inachukua saa mbili. Mwenye haraka ya dakika kumi atachukia. Vioo orijino vya simu zisizo maarufu mara nyengine havipo, vinaagizwa Dar na vinakuja kwa boti, unaweza kungoja siku kadhaa. Kwa Tecno na Infinix vioo vipo vingi na bei yake ni rahisi kuliko hizi Samsung za amoledi.

Kwa jumla nawapa nyota nne kati ya tano, kazi ya mikono ingekuwa peke yake ningetoa tano bila kufikiri.

Mambo ya kujua kabla hujenda: wanafungua saa tatu asubuhi, wanafunga saa kumi na moja na nusu jioni kwa wafanyakazi wote, ami kapanga hivyo ili kila mtu apate gari ya kurudi kwao kabla ya giza, na vijana wa kiume nao wanatoka saa hiyo hiyo kwa hiyo hakuna anaesema dada kapendelewa. Ijumaa wanafunga saa tano na nusu wanarudi saa nane. Malipo taslimu au kwa simu, risiti daima. Ukiingia sema na fundi moja kwa moja, salamu kisha tatizo la simu. Nakala za picha zako zitoe kabla kama simu bado inawaka. Na nyinyi wa Pemba mlioniuliza kuhusu kutuma simu kwa boti, dada amesema anapokea, lakini ikiwa imezimwa, bila laini ndani, na mpige kwanza dukani saa za kazi, namba ntakupeni inboksi baada ya kumuuliza yeye.